Roketi Ipande Wima: Vidokezo 13 vya Kubandika Mapezi Bila Kuhangaika

Mwalimu wa Gredi ya 8 pale Masara unayetafuta mradi wa sayansi, mzazi wa Awendo uliyewaahidi watoto jambo la maana likizoni, kijana wa Homa Bay uliyeletewa seti ya roketi na shangazi kutoka Marekani: makala haya ni yenu. Hatutazama kwenye fomula ndefu leo. Tutashughulikia kazi moja tu, ile inayoamua kama roketi itapaa au itapinda na kuwatimua watazamaji: kubandika mapezi.

Na asikwambie mtu kuwa roketi ni mambo ya nchi za mbali. Kwenye jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Waitaliano kwa ushirikiano na NASA walirusha roketi aina ya Scout kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Scout mojawapo ilibeba setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru. Chini kabisa ya roketi hiyo palikuwa na mapezi manne. Siku hizi wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja wanaunda roketi zao wenyewe katika mradi wa Nakuja. Sasa Migori na Homa Bay tubaki nyuma kwa nini? Gundi ipo, mikono ipo, viwanja vya shule vipo. Twende kazi!

1. Jua kwanza pezi linafanya nini

Tazama mshale: manyoya yako nyuma, ndiyo maana ncha hutangulia. Pezi la roketi lina kazi hiyo hiyo. Upepo ukiisukuma pua kando kidogo, hewa inayopita hugonga mapezi na kuurudisha mkia mahali pake, na pua ikanyooka tena. Ndiyo sababu mapezi hukaa mwisho kabisa wa mwili, si katikati, wala si karibu na pua.

Utauliza: mbona Falcon 9, iliyoipeleka angani setilaiti yetu ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, ina mapezi juu? Swali zuri sana! Mapezi yale ya wavu hukaa yamekunjwa wakati wa kupanda. Hufunguka pale sehemu ya kwanza ya roketi inaporudi chini ikiwa imetanguliza injini, na hapo upande wa juu ndio unaofuata nyuma. Kanuni haijabadilika: pezi hufuata, haliongozi. Tofauti ni kwamba Falcon 9 ina kompyuta ya kuielekeza. Roketi yako haina dereva mwingine ila mapezi yake, kwa hiyo kila dakika unayoyapa leo utalipwa angani.

2. Seti ipande ndege, injini ibaki

Kama ndugu yako anakuja nyumbani Desemba na seti ya roketi, mpigie simu mapema. Bomba la karatasi, pua, mapezi, parashuti: alete vyote. Injini ya baruti: asiguse. Injini hizo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, iwe kwenye mkoba wa mkononi au kwenye sanduku linalopakiwa chini, na hakuna anayetaka likizo iharibikie uwanja wa ndege.

Wala usijaribu kuchanganya baruti nyumbani. Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, na muhimu kuliko sheria, una vidole kumi vinavyohitajika. Habari njema ni kwamba roketi huruka hata bila moto: chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli vinatosha. Hapa tutakwenda na zote mbili, ile ya seti na ile ya chupa, kwa sababu mapezi yao yanafuata kanuni moja. Seti ijenge vizuri, jifunzie nayo na uiweke darasani kama kielelezo, huku roketi ya maji ikikupa vifijo vya uwanjani.

3. Soma nyuzi za mbao kabla ya kushika kisu

Mapezi ya seti nyingi hukatwa kwenye balsa, mbao nyepesi mno yenye nyuzi unazoziona kwa macho. Nyuzi hizo zinapaswa kulala sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, yaani ule unaopasua hewa. Zikilala sambamba na mwili wa roketi, pezi litakatika hapo hapo lilipobandikwa, mara tu roketi itakapotua kwa kishindo.

Unataka kuhakikisha? Chukua kipande kilichobaki, kipinde upande mmoja kisha upande mwingine. Upande utakaovunjika kwa urahisi ndio wa kuuogopa.

Huna balsa? Usijisumbue kuitafuta. Mwombe fundi seremala mabaki ya plaiwudi nyembamba, ya milimita 3 hivi. Matabaka yake yamelazwa kwa kupishana, kwa hiyo ina nguvu pande zote. Ni nzito kuliko balsa, basi utaongeza uzito kidogo kwenye pua (tutafika huko). Na kadibodi ya boksi je? Inafaa kabisa kwa roketi ya chupa. Mifereji iliyo ndani yake ichukulie kama nyuzi: itoke kwenye mwili kuelekea ncha ya pezi.

4. Yapige msasa yote kwa pamoja

Mapezi matatu yasiyolingana hayatakupa safari iliyonyooka, hata ukiyabandika kwa ustadi wa namna gani. Njia ya mkato? Ukishayakata, yapange pamoja, yabane kwa vidole au kwa vibanio vya nguo, kisha uyapige msasa kama kipande kimoja. Dakika tano tu, na yote yatakuwa na umbo moja.

Kisha yatenganishe na ufanye kazi ya kingo. Ukingo wa mbele uviringishe kidogo. Ukingo wa nyuma uchonge uwe mwembamba. Lakini ule unaokwenda kugusa mwili wa roketi, uache bapa kabisa! Huo ndio unaobeba gundi, na ukiuviringisha, pezi litakaa likiyumba. Ujanja: kabla ya kuanza, andika X kwa penseli kwenye ukingo huo wa kila pezi. Ukichoka na mikono ikaanza kwenda yenyewe, X itakukumbusha. Ili uwe bapa kwelikweli, laza msasa mezani na uvute pezi juu yake likiwa wima, badala ya kuzungusha msasa mkononi.

5. Utepe wa karatasi utakugawia duara

Hakuna haja ya protrakta. Kata utepe mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye mwili wa roketi hadi ncha zikutane, weka alama zinapokutana na ukate hapo. Sasa unao mzingo wa roketi mkononi, umenyooka mezani.

Unataka mapezi manne? Kunja utepe mara mbili, mikunjo itakuonyesha mahali pa kila pezi. Unataka matatu? Pima urefu kwa rula, gawa kwa 3, weka alama. Kwa mfano, bomba lenye kipenyo cha milimita 25 lina mzingo wa kama milimita 78.5, kwa hiyo kila pezi liko milimita 26 na kidogo kutoka kwa mwenzake. Rudisha utepe kwenye bomba, hamisha alama, umemaliza.

Matatu au manne, yapi bora? Matatu yana uzito mdogo na kazi ndogo. Manne ni rahisi kugawa na rahisi kukagua kwa jicho, kwa sababu kila moja lina mwenzake upande wa pili. Kwa darasa la watoto, anza na manne. Kwa roketi yako binafsi, chagua lililokupendeza. Mawili je? Hapana, roketi ya mapezi mawili itayumba upande ule usio na pezi.

6. Kona ya fremu ya mlango ndiyo rula yako

Kuchora mstari ulionyooka juu ya bomba la duara kunaweza kumtoa mtu jasho. Rula inateleza, penseli inapinda. Tulia. Laza bomba kwenye kona ya fremu ya mlango, pale mbao mbili zinapokutana, lishike lisizunguke, kisha pitisha penseli kando ya ukingo wa mbao. Mstari utatoka umenyooka sambamba na mwili, kila mara. Kama fundi wa kuchomelea wa jua kali ana kipande cha engo kisichozidi urefu wa mkono wako, mwombe. Engo ni bora zaidi, na utakitumia miaka mingi.

Chora mstari mrefu kuliko pezi, uzidi kwa sentimita kadhaa kwa mbele. Ukishabandika pezi, sehemu ya mstari iliyobaki nje ndiyo itakayokuonyesha kama limekaa sawa. Na ukiwa na kalamu mkononi, chora mstari mwingine katikati ya mapezi mawili. Huo ni wa kimrija kinachopitishwa kwenye fimbo ya kurushia, na hutaki kikwaruzane na pezi.

7. Kwaruza, kisha chagua gundi ya kazi

Mabomba mengi ya seti yana karatasi ya juu inayong'aa. Gundi haipendi mahali panapong'aa. Sugua taratibu kwa msasa laini pale tu pezi litakapokaa, hadi mng'ao uishe, kisha futa vumbi. Kama umeshapaka rangi (haraka ya nini, omera?), kwaruza rangi hiyo hadi ufike kwenye karatasi, la sivyo pezi litashika rangi na rangi ndiyo itakayobanduka.

Sasa gundi. Kwa karatasi na mbao, hakuna inayoishinda gundi nyeupe ya seremala. Inanyonywa na nyuzi za pande zote mbili, na ikikauka, mbao huvunjika kabla ya kiungo. Gundi ya papo hapo, ile ya kichupa kidogo, inashika kwa sekunde, lakini ikikauka huwa kavu na dhaifu kwa mishtuko, na haikupi nafasi ya kurekebisha. Itumie kushikiza tu, ukifungua madirisha, na usiwape watoto wadogo. Kwa plastiki au roketi kubwa, tumia gundi ya vichupa viwili inayochanganywa. Changanya kidogo kidogo, maana huanza kuganda ukiwa bado unatafuta pezi la pili.

8. Gundi mara mbili, subira mara moja

Huu ndio ujanja utakaokuokolea muda kuliko wote. Paka gundi nyeupe nyembamba kwenye ukingo ule wenye X, kisha ugusishe pezi kwenye mstari wake ili gundi iache alama kwenye bomba. Toa pezi, uliweke kando. Subiri dakika kama tano hadi gundi iwe ngumu kidogo, si mbichi tena. Paka tabaka la pili, jembamba vilevile, na sasa libandike moja kwa moja.

Utashangaa! Pezi litashika karibu papo hapo badala ya kuanguka kila ukiliachia. Sababu ni rahisi: tabaka la kwanza limeshaziba matundu ya karatasi na mbao, kwa hiyo la pili halipotei ndani, linashikana na mwenzake. Fanya pezi moja, subiri lishike, ndipo uende kwenye la pili. Usianike roketi kwenye jua kali la saa saba mchana ili ikauke upesi: gundi itafanya ganda juu na kubaki mbichi ndani, na balsa inaweza kupinda. Kivulini panapopita hewa, usiku mzima, panatosha. Wakati wa mvua za masika, ipe siku nzima.

9. Ipe roketi kiti cha kadibodi

Jicho linadanganya, kadibodi haidanganyi. Kata kipande cha boksi, chora duara lenye kipenyo cha roketi yako, kisha chora mistari ya mapezi kutoka katikati ukitumia utepe ule wa kidokezo cha 5. Kata duara na ukate mifereji myembamba, unene wa pezi tu. Ivishe roketi kiti hicho kutoka nyuma: kila pezi linaingia kwenye mfereji wake na kubaki wima gundi ikikauka. Vitengeneze viwili, kimoja karibu na mwanzo wa pezi na kingine karibu na mwisho, na hakuna pezi litakaloinama.

Ukimaliza, ishike roketi mbele ya jicho, utazame kutoka nyuma. Mapezi manne yatafanya msalaba safi, matatu yatagawa duara sawasawa. Halafu tazama kila pezi kutoka ubavuni: je, limefuata mstari wake mwanzo hadi mwisho? Pezi lililopinda hata kidogo litaifanya roketi izunguke kama inayojisokota, na nguvu iliyotakiwa kuipandisha itaishia kwenye kuzunguka. Mapezi yakiwa yameinama kila moja upande wake, roketi itageuka njiani. Gundi ikiwa bado haijakauka kabisa, hii ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kurekebisha. Itumie!

10. Ziba kona kwa utepe wa gundi

Mapezi yameshika? Hongera, lakini usipake rangi bado. Kila mahali pezi linapokutana na mwili pana kona kali, na hapo ndipo pezi hung'oka. Laza roketi ili kona mbili zitazame juu, mimina mstari mwembamba wa gundi nyeupe kwenye kila kona, kisha pitisha kidole kilicholowa maji mara moja tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Gundi itabaki kama mteremko laini unaosambaza nguvu na kupitisha hewa vizuri.

Mara moja tu, sikia! Ukipitisha kidole mara tano utaitoa gundi yote. Iache roketi ilale hivyo hadi ikauke, ndipo uizungushe kwa kona mbili zinazofuata. Ukiisimamisha mapema, gundi itateremka na kukusanyika mkiani kama tone. Gundi nyeupe husinyaa ikikauka, kwa hiyo tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kwa seti ambazo mapezi hupenya kwenye mwili hadi kwenye bomba la injini ndani, weka gundi hata kule ndani. Pezi lililoshikwa mahali pawili halina wasiwasi.

11. Chupa ya soda ivae sketi

Sasa kwa ndugu zetu wa roketi ya maji. Chupa ya soda ni laini na inateleza, na inapojazwa hewa hutanuka kidogo, kwa hiyo gundi nyingi hubanduka. Je, tuikwaruze kwa msasa? La hasha! Chupa itakayobeba presha haikwaruzwi, haitobolewi wala haipakwi gundi ya moto, kwa sababu kila mkwaruzo na kila mahali palipoungua ni mahali inapoweza kupasuka.

Suluhisho ni rahisi na la bei ya chini. Chukua chupa ya pili ya aina ile ile, kata juu na chini ubaki na pipa la katikati. Hiyo ndiyo sketi. Ikwaruze upendavyo, bandika mapezi juu yake kwa gundi au kwa tepu pana, kisha uivishe roketi upande wa mdomo (huo ndio mkia, maana maji hutokea hapo) na uifunge kwa tepu kuzunguka. Mapezi yakikatika, unabadilisha sketi, chupa inabaki nzima. Shule yenye chupa moja nzuri na sketi tano inaweza kulinganisha maumbo matano ya mapezi mchana mmoja. Huo tayari ni mradi wa maonyesho ya sayansi!

Chagua chupa za soda tu, kwa sababu zimetengenezwa kustahimili gesi. Chupa za maji ya kunywa ni nyepesi mno.

12. Izungushe kwa kamba kabla ya kuirusha

Kuna jambo moja ambalo hata mapezi yaliyobandikwa vizuri hayawezi kuliponya: uzito uliokaa nyuma mno. Roketi hutulia pale kitovu cha uzito kinapokuwa mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, angalau kwa umbali unaolingana na kipenyo cha mwili wake. Katika miaka ya 1960 James Barrowman, mhandisi wa NASA, aliandika hesabu za kukipata kitovu hicho cha hewa kwa roketi ndogo, na wapenzi wa roketi duniani bado wanazitumia. Wewe una kamba.

Iandae roketi kama itakavyoruka: ya seti iwe na uzito wa injini yake, ya chupa iwe tupu, kwa sababu maji yake humalizika mwanzo kabisa wa safari. Itafute inapojisawazisha juu ya kidole, funga kamba ndefu hapo, ishikize kwa tepu, kisha nenda uwanjani uizungushe kichwani pako, watu wakiwa mbali. Pua ikitangulia bila kuyumba, umefaulu! Ikizunguka ovyo au mkia ukitangulia, ongeza udongo wa mfinyanzi kwenye pua kidogo kidogo na ujaribu tena. Ikikataa bado, kata mapezi makubwa zaidi. Jaribio hili ni kali kuliko safari yenyewe, kwa hiyo roketi inayolipita unaweza kuiamini.

13. Rusha asubuhi, na mbali na mashimo

Umefika! Chagua asubuhi. Kwetu huku, jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na ukiwa Sori, Mbita au Muhuru utausikia mashavuni. Mapezi, hasa makubwa, huielekeza pua kwenye upepo. Maana yake mchana roketi itainamia upande wa ziwa ikipanda, kisha parashuti iirudishe bara, na hujui itaishia kwenye miwa ya nani. Asubuhi tulivu inakuepusha na hayo yote.

Kwa roketi ya maji, jaza theluthi moja ya chupa, usipite psi 60 kwenye pampu, vaa miwani ya kukinga macho, elekeza pua juu moja kwa moja, na watazamaji wasimame mita kumi au zaidi. Chupa iliyokwaruzika au iliyokaa juani miezi mingi, itupe. Kwa ya seti, ikiwa umepata injini na ruhusa kwa njia halali, washa kwa umeme kutoka mita tano au zaidi, kamwe si kwa kiberiti. Na ukiwa Masara au Macalder, pima uwanja wako kwa macho: usirushe karibu na mashimo ya wachimbaji dhahabu, na mtoto asikimbilie roketi iliyoangukia huko. Roketi nyingine utajenga.

Baada ya kila mrusho, andika kitu kimoja: ilikwenda wapi. Ilizunguka? Tafuta pezi lililopinda. Ilielekea upande ule ule kila mara? Tafuta lililoinama. Pezi liling'oka? Rudi kidokezo cha 10. Badilisha jambo moja tu kila mara, ndipo utakapojua lililoleta nafuu. Na siku ikipanda wima hadi uwanja mzima upige makofi, mpe mtoto mwingine gundi na penseli, mwonyeshe ile X, na umwache abandike la kwake kwa mikono yake.